Matundu Chini ya Paa

Nilipaswa kukataa. Mwenyekiti wa ushirika wetu alisimama katikati ya chumba cha kushonea, mikono nyuma, akatazama juu pale ukuta unapokutana na paa, akasema, "Ndugu meneja, sisi tunapasha moto mji mzima wa Singida." Akina mama wakacheka juu ya vyerehani vyao. Na mimi nikacheka. Kisha nikasema matundu tutayaziba.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Ushirika wetu wa ushonaji ulikuwa umepewa jengo la duka lililoachwa na familia moja ya Kihindi iliyohamia Dar es Salaam. Lilikuwa jengo la mawe, si kubwa, lenye kuta nene na baraza mbele. Chini ya paa, kuzunguka pande zote, yalikuwepo matundu madogo, kila moja likitosha tofali kupita. Aliyelijenga alilijua joto la Oktoba. Bati lilipochemka, hewa ya moto ilipanda ikatokea huko juu, na huku chini mtu aliweza kukata kitambaa bila jasho kuidondokea chaki. Ubaridi ule hatukuulipia hata senti.

Lakini Singida ina upepo, na upepo wa Singida haupigi hodi. Ilipoingia Juni uliingia kwa matundu yale yale, ukilia kama mtoto anayepuliza mdomo wa chupa. Vidole vya washonaji viliganda, uzi ukawashinda kuutunga kwenye sindano. Tukaweka majiko matatu ya mkaa ndani, na mkaa mwingine ukaingia kwenye pasi. Gunia lilitoka kijiji cha Mkiwa kwa lori, na kila lori lilipofika bei ilikuwa imepanda. Ikafika mahali mkaa ukawa unakula fungu ambalo akina mama walipaswa kugawana.

Siku ile, baada ya kicheko, mwenyekiti alinivuta barazani.

"Kamati imeona mawili," alisema. "Mkaa upungue, au mtu apungue. Na wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Unamjua ni nani."

Nilimjua. Alikuwa mdogo wangu wa kike. Nilimtoa kijijini kwetu Kinyangiri mwenyewe, baada ya kumbembeleza mama msimu mzima wa mavuno. Baba alikwisha fariki, na mama hakuwa na binti mwingine. Aliponikabidhi alisema, "Usiniletee habari zake. Niletee mwenyewe."

Ilikuwepo njia ya tatu, na niliiona. Ningeweza kusema majiko yatoke, akina mama washonee barazani juani, kazi ichelewe. Lakini tulikuwa na sare za shule za kumaliza, na mimi sikutaka kuitwa meneja anayechelewesha kazi za taifa. Nikamwita fundi mwashi. Jioni matundu yote yalikuwa tofali na saruji.

Matokeo yalikuwa mazuri, na hilo nalisema ingawa linaniuma. Majiko mawili yalitosha badala ya matatu. Gunia lilidumu. Mwenyekiti alinisifu mkutanoni, na mdogo wangu akanitazama kwa fahari mbele za watu. Kitu kimoja tu hakikunipendeza. Jengo lilikuwa limenyamaza. Nilizoea ule mlio wa upepo, na sasa niliingia asubuhi nikasikia masikio yangu mwenyewe.

Kisha vikaanza vichwa. Aliyeanza alikuwa mama mkata kola, halafu jirani yake, halafu wote. Kichwa kilibana, magoti yakalegea, mwingine akatapika. Mtu akitoka nje juani anapona, akirudi ndani kinamrudia. Mama mmoja akasema ameona mtu amesimama kwenye kishubaka. Kishubaka kile kilikuwa ukutani upande wa nyuma, cheusi kwa masizi, mahali wenye nyumba walipokuwa wakiwasha taa yao ya sala. Tangu hapo kila aliyeinua macho kutoka kwenye cherehani alikitazama.

"Mwenyewe kaondoka, mlinzi wake kamwacha," walisema.

"Kaacha jini."

"Na jini mwenyewe mjamaa," akadakia mkata kola, ambaye hakukosa neno hata akiumwa. "Hana upendeleo. Kila mtu kichwa chake, sawa kwa sawa!"

Walicheka mpaka vyerehani vikasimama. Mdogo wangu naye alicheka, kiganja kikiwa kwenye paji la uso.

Siku hiyo hiyo alinifuata kwenye meza yangu, iliyokuwa mlangoni, karibu na hewa. "Kaka, humu ndani kuna kitu."

"Hakuna kitu. Na wewe umeanza?"

"Kipo. Kinakaa kichwani. Nikitoka nje kinanisubiri mlangoni."

Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Nilijua hakuna jini, na nikadhani kujua hilo ni sawa na kujua kwamba hakuna kitu. Wale wanawake walikosea jina tu la kile kilichowaumiza. Mimi nilikataa kwamba wanaumizwa.

Wakachanga wakamleta mganga. Nilimruhusu, nikiwa na nia ya kucheka baadaye. Mzee yule aliagiza milango na madirisha yafunguliwe wazi, majiko yatolewe nje, kwa sababu anachokwenda kukifukuza kinahitaji njia. Akafukiza ubani wake, akanyunyiza maji pembeni mwa kuta na ndani ya kishubaka. Upepo ulipita chumba kizima ukirusha vipande vya kaki huku na huku, na akina mama walivifukuza wakicheka kama wasichana. Siku hiyo hakuna aliyeumwa kichwa.

"Umeona, kaka?" aliniuliza mdogo wangu.

"Nimeona mlivyopoteza siku nzima ya kazi."

Kesho yake nikafunga milango na madirisha, majiko yakarudi ndani. Vichwa vikarudi. Akina mama wakasema jini limerudi na hasira. Naikumbuka siku ile ya ubani kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu jibu liliwekwa mbele yangu, na nikalipita kwa kuwa lilikuwa mkononi mwa mganga.

Asubuhi moja niliwakuta wote wamekaa barazani, vitenge mabegani, wamegoma kuingia. Sare zilikuwa zinasubiriwa. Niliamuru majiko yote matatu yawashwe, nikitumaini joto litawavuta. Hawakusogea. Nikamgeukia mdogo wangu.

"Wewe ingia. Wakikuona umekaa humo salama, watakufuata."

"Kaka, naogopa."

"Unaogopa nini? Ukuta?"

Mkata kola akasema, "Mwache mtoto wa watu, ndugu meneja. Kama hakuna kitu, ingia wewe ukashone." Wakacheka. Kicheko kile kilinifanya mgumu zaidi. Mdogo wangu akanitazama, akaona aibu yangu, akaingia. Mlango niliufunga mimi, joto lisitoke. Kisha nikaenda bomani kuomba gari la kusambaza sare.

Niliporudi jua lilikuwa limepanda. Akina mama walikuwa pale pale barazani, ila hapakuwa na mzaha tena. "Cherehani kimenyamaza," mmoja aliniambia. "Tulidhani anashona vifungo kwa mkono." Hakuna aliyethubutu kufungua, maana waliogopa kile walichoamini kipo ndani.

Nilisukuma mlango. Joto lilinipokea vizuri, kama blanketi. Mkaa ulikuwa mwekundu, umekolea, bila hata uzi wa moshi. Mdogo wangu alikuwa amelaza shavu juu ya shati la kaki, mkono mmoja bado kwenye gurudumu la cherehani. Nilimwita kwa jina la nyumbani. Nikamtikisa. Nikambeba hadi nje, na upepo ukampiga usoni, lakini hakushtuka.

Mganga wa hospitali aliuliza swali moja tu: "Chumba kina matundu ya hewa?"

Nikajibu, "Yalikuwepo."

Nimelala na jambo hili miaka mingi. Sisi tulikulia kwenye tembe, nyumba za udongo, moto ukiwaka ndani, na hatukufa. Lakini moto wa kuni una moshi, na moshi huchoma macho ukakutoa nje kabla haujakudhuru. Mkaa uliokolea una sumu isiyo na harufu, haumfukuzi mtu. Unamwacha akae.

Nilimrudisha Kinyangiri kwa lori, amefunikwa shuka. Mama alikuwa amesimama uani, alikwisha kuambiwa. Nilishuka nikasema, "Shikamoo, mama." Alipita pembeni yangu akaenda kwenye lori.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda kumsalimia nilisema shikamoo, naye aliinamia chungu, au akamwita kuku. Alikula chakula nilichopeleka. Wanangu aliwaitikia marahaba, akawapakata, akawaimbia kwa Kinyiramba. Kwangu alinyamaza, kama jengo lile lilivyonyamaza.

Jengo bado lipo, ni duka la simu. Kwa nje limening'inizwa viyoyozi vinavyodondosha maji barazani, palepale akina mama walipokaa. Juzijuzi nilisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, nikatazama juu. Chini ya rangi mpya bado yanaonekana mabaka ya yule mwashi, moja baada ya jingine, kuzunguka kuta zote.

"Shikamoo, babu," alisema binti wa dukani. "Ingia basi au tufunge mlango, ubaridi unatoka. Umeme ghali."

Nilimwitikia, nikatoka, nikamfungia mlango taratibu. Usiku ule upepo ulipuliza kwenye matundu ya nyumba yangu, ambayo sijaruhusu mtu yeyote ayazibe, na nilimsikia mdogo wangu akiniita kaka.

Tuliokoa mkaa, na mdogo wangu hakuachishwa kazi. Kwa hayo mawili nilimtoa yeye kafara, akafa akiwa binti ambaye hajaolewa, ndani ya mlango nilioufunga kwa mkono wangu. Na mama yangu alizikwa bila kuniitikia.