Mtani Ndani ya Koti la Baba

Niliposhuka kwenye treni pale Mpanda, baba alikuwa ameshazikwa. Telegramu ilichelewa kunifikia chuoni Dar es Salaam. Nyumbani Misunkumilo wanawake walinipokea kwa vilio, wakanitazama usoni, wakasubiri. Hakikutoka kitu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu akili ya binadamu, lakini sikujua mtu anaanzaje kulia.

Uani alikuwapo mtani wetu, mama jirani ambaye ukoo wake na wetu hutaniana hata msibani. Alikuwa amevaa koti la baba. Alikohoa kama baba, akaketi kwa kuguna kama yeye. Watu walicheka, na mama yangu, pale mkekani, akatabasamu kidogo. Kisha mtani akaniona.

"Msomi wetu huyo. Mabegi kayaleta yote, machozi kayasahau stesheni ya Kaliua."

Walicheka tena. Alikuwa amesema kweli mbele ya wote, na aibu yangu ikawa hasira kabla sijaitambua. Nilimwambia avue koti la marehemu, kwamba huo ni ushenzi. Alilivua, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa mama, akaenda zake.

Nilidhani nimemlinda mama. Lakini uji ulipoletwa aliugeuzia kisogo, na ugali wa jioni ukarudi jikoni kama ulivyotoka. Shangazi alinieleza kwamba tangu mazishi mama alikuwa anakula pale tu mtani anapomchokoza.

"Sasa mchokoze wewe," akasema.

Nilijaribu kukaa na mama. Nilimweleza habari za huzuni, jinsi inavyokuja na kupungua. Mama alinisikiliza kwa adabu, kama mgeni.

Kesho yake nilikwenda kwa mtani. Alikuwa anapepeta mchele. Maelezo yote niliyojiandalia njiani yalinipotea, nikasema tu kwamba mama hali chakula. Aliuliza kama yeye bado ni mshenzi. Nikasema hapana, nikiangalia chini.

"Basi koti utanivalisha wewe, watu wakiona."

Tulirudi nyumbani, nikamvalisha uani mbele ya watu. Koti lilinuka tumbaku ya baba. Mkono wa pili ulinishinda, kwa sababu macho yalikuwa hayaoni tena. Mtani alisubiri hadi nikafanikiwa. Kisha akakohoa, akaketi mbele ya sahani ya mama, akamega tonge, akakunja uso.

"We mwanamke, mboga hii haina chumvi."

Hilo lilikuwa lalamiko la baba kila siku. Mama aliinua uso.

"Chumvi ipo. Ulimi wako ndio mbovu."

"Haipo."

Mama akamega, akachovya, akaonja ili amshinde. Akamega tena.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, sijui mikono niiweke wapi.

"Msomi," mtani akaniita kwa sauti ya baba, bila kugeuka, "lete maji. Mama yako anakula."