Jina Refu Nililomwekea Mkubwa

Ofisini kwetu, juu ya duka la mbolea mjini Kakamega, kazi zote huhifadhiwa katika programu inayotunza kila toleo la programu tunazoandika. Mkubwa wangu alikuwa ametuundia amri za Kiswahili za kuiendesha. Mojawapo ilikuwa na chaguo, yaani neno la kuongeza mwishoni mwa amri, aliloliita --nadhifu. Ukiliweka, kazi ya mashine yako inachukua nafasi ya iliyo kwenye hifadhi ya ofisi, na ya wenzako inapotea, matoleo yote.

Alilitumia asubuhi ambayo mwenyekiti wa wakulima wa miwa wa Navakholo alikuja kuona programu yangu ya kupokea uzito wa miwa. Nikafungua ukurasa. Mweupe.

"Digrii hiyo, kijana, ni ya kufunikia ugali?" mkubwa akauliza, na ofisi ikacheka.

Nilipomuuliza alichofanya, alisema, "Mimi? Nimenadhifisha tu."

Nani angemlaumu mtu kwa kunadhifisha? Mama mwenyekiti aliniangalia kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Niliirudia kazi yote upya, kwa hasira. Kisha mkurugenzi, aliye juu ya mkubwa, akaniagiza nibadilishe majina ya amri, maana wafanyakazi wapya walikuwa wanachanganyikiwa. Sijawahi kupewa zawadi kubwa hivyo.

Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza, wazee humwitia majina ya marehemu, moja baada ya jingine, mpaka atulie. Nami niliyaita yangu hivyo. --lazimisha? La, lingempendeza, lina kiburi chake. --badilisha? Pole mno. Nililala nikiwaza majina, nikaamka nikiwaza kama nitafutwa kazi. Nilipoandika --futa-kazi-ya-wengine, nikatulia. Sikuliwekea herufi moja ya kulifupisha. Nilitaka aliandike lote.

Mama mwenyekiti aliporudi, mkubwa ndiye aliyekalia kompyuta, kila anachochapa kikionekana ukutani. Programu ikamkatalia kutuma kazi yake: kwenye hifadhi kulikuwa na kazi yangu mpya, ambayo yeye hakuwa nayo. Akachapa --nadhifu, akaambiwa halipo, akaonyeshwa jina jipya. Akaanza kulichapa kwa vidole viwili, midomo ikilisoma.

"Unafuta kazi ya nani, baba?" mama akauliza.

Vidole vikasimama. "Ni jina tu, mama. Kijana huyu ndiye ameliita hivyo."

"Na linafanya nini?"



"Linafanya hivyo hivyo, mama," nikasema. "Hata siku ile ukurasa ulipokuwa mweupe, lilifanya hivyo. Wakati huo liliitwa nadhifu."

Mkubwa akanigeukia, sauti chini. "Hebu lifupishe hili jina, bana."

"Haiwezekani, mkubwa."

Inawezekana, tena ni kazi ya dakika moja.

Mama alikuwa bado anamngoja yeye ajibu. Mkubwa akaanza kulifuta jina, herufi baada ya herufi, sote tukitazama ukutani. Nilijuta kutolifanya refu zaidi.