Jaji Aliyekaa Mbele Yangu

Mjukuu wangu wa kike anapigana ngumi. Jumapili ile mchana, ukumbini mtaa wa Gerezani, mama yake, yaani binti yangu, alikuwa ameshatoa neno: "Ukipigwa leo, hizo glovu nazigawa." Mimi nikakaa mbele kabisa, nyuma ya jaji mmoja. Majina yao wote ninayo kichwani, mpaka la mpiga kengele, ila ni watoto wa watu, siyaandiki.

Nilidhani refa ndiye mwenye kila kitu. Kumbe majaji wako watatu, kila mmoja na upande wake wa ulingo, hawasemeshani. Raundi ikiisha, refa anazunguka anakusanya karatasi zao, anampelekea msimamizi mezani.

Mjukuu akitupa ngumi ikaingia, nami nampigia kelele jaji wangu: "Umeiona hiyo? Andika!" Ananipa mgongo tu. Dada mmoja muuza vitenge akanivuta kanga: "Bibi, huyo si karani wako!"

Raundi ya mwisho, mtoto wetu chini, chali! Upande wa pili wakaruka: "Hesabu! Mhesabie!" Jaji wangu kalamu iko karatasini. Lakini refa alikuwa karibu, aliuona mguu ukikanyaga maji yaliyomwagika pale konani. Akapunga mikono, akawageukia majaji wote watatu, mmoja mmoja: ameteleza. Jaji wangu akainua kalamu. La kuanguka ni la refa. Akishasema ni utelezi, hakuna jaji wa kuliandika. Refa akamfuta mtoto glovu kwa shati lake mwenyewe, "Haya, pigana!" Nikapanda juu ya kiti, na magoti yangu haya!

Mtangazaji akaanza na jaji wangu: kampa mpinzani! Wa pili: kampa mjukuu wangu. Wa tatu... refa akaunyanyua mkono wa mjukuu wangu. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Nikamfuata yule jaji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Macho uliyaacha nyumbani?"

Akacheka. "Raundi mbili nzima nimemwona mgongo tu. Wenzangu wa kule ndio walioziona ngumi zake."

Nikageuka kumtafuta binti yangu. Yuko juu ya ulingo, na viatu vyake vya kwendea harusini, anamfungua mwanawe kamba za glovu huku anafoka: "Mkono wa kushoto unaushusha mno, we mtoto! Upandishe!"