Mama Godelieve wa Kapata na Watoto Sabini na Mmoja

Alizaliwa Kasaji tarehe 6 Julai 1931, mtoto wa tatu wa Banza, mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga, na wa mama Agnès, mkulima wa mihogo. Tangu utoto alikuwa mwoga. Akiitwa kusoma mbele ya wenzake, alijificha nyuma ya daftari. Watu walishangaa basi, mwaka 1949, alipomwambia paroko kwamba Bwana anamwita kufundisha. "Na ule woga wako?" paroko akauliza. "Ntaenda nao, mon père," akajibu.

Hakuolewa. Alifundisha miaka mingi Kapata, katika cité, yaani mtaa, ya wafanyakazi wa migodi mjini Kolwezi, hata akawa mkuu wa shule ya msingi. Serikali ilipochukua shule za misheni, msalaba ukaondolewa ukutani, na jina lake la ubatizo likafutwa kwenye karatasi. Akabaki kazini, akisali kimoyomoyo kati ya madawati.

Machi 1977 vita viliingia kutoka mpakani. Jamaa nyingi za Dilolo na Kasaji, upande wa mpaka huo, zikakimbilia Kolwezi, na kwa majuma machache darasa la sita likapanda kutoka watoto arobaini na wanane hadi sabini na mmoja. Wengine walijua Kichokwe tu. Wengine walikuwa wa wafanyabiashara Waislamu, kama Amisa binti Feruzi, aliyefika bila viatu wala daftari. Katika jaribio la mtihani wakashinda kumi na wanne.

Ndipo akaja inspekta, jina lake Kisimba. "Mama Directrice, masomo yako inaanguka," akasema. "Uandike liste: kila mutoto na kwenye anatoka. Bale ba Dilolo na Kasaji batatoka ku masomo mbele examen ifike."

Mama Godelieve alijua orodha za namna hiyo huishia wapi. Juma lililotangulia, baba wawili wa Kapata walichukuliwa na askari majumbani mwao kwa sababu tu walizaliwa upande ule vita vilikotokea, na hawakurudi. Siku tatu hakula. Alianza karatasi mbili, akazichana. Mwisho akaandika majina yote sabini na moja, na mbele ya kila jina neno moja: Kapata. Chini akaweka jina lake mwenyewe, na mbele yake akaandika ukweli: Kasaji.

Kisimba aliposoma, akaweka kidole juu ya neno Kasaji. "Unajua banaweza kukukamata?"

"Najua, tata. Mi naogopa sana. Lakini batoto banalala hapa, banakula hapa. Beko ba Kapata."

Inspekta akaichukua karatasi, akaenda zake.

Kwa majuma matano kila gari lililopunguza mwendo kwenye lango la shule lilimfanya aweke chaki chini. Alikwisha kufunga nguo zake katika kitenge, tayari kuchukuliwa. Hata hivyo alifika alfajiri kila siku, akamketisha kila mgeni karibu na mwenyeji ili wafundishane. Juni wote sabini na mmoja wakafanya mtihani. Walishinda hamsini na wawili, na Amisa akawa wa kwanza Kapata nzima.

Hakuna aliyekuja kumkamata. Lakini Septemba alivuliwa ukuu bila kuelezwa sababu, akapewa darasa la kwanza, akatii bila kunung'unika. Hapo alifundisha mpaka ugonjwa wa figo ulipomlaza. Alifariki tarehe 19 Februari 1984.

Siku ya maziko, Kisimba aliomba kusema. "Ile liste ya batoto nilipashwa kuipeleka bureau kwa bakubwa," akawaambia waombolezaji. "Mara tatu nilifungua sakoshi yangu ya makaratasi, mukono ikakataa. Mpaka leo iko kwangu." Waumini wanalihesabu hilo kuwa ajabu la kwanza. La pili linasimuliwa na mama Kadija, Mwislamu, ambaye binti yake hakusema neno tangu vita, na siku moja, alipoketi kwenye kaburi la Mama Godelieve, akaanza kusoma kwa sauti.

Mwalimu unayesoma maisha haya, mwige. Mtoto mgeni akisimama mlangoni pako, mwonyeshe kwanza mahali pa kukaa.