Skrini Iliyopewa Mamlaka Yote

Bi Waya hakuliomba jina hilo. Ofisi nzima ya usajili wa vizazi ilimbandika, naye akalipokea kwa mikono miwili. Miaka kumi na minne amezitunza kompyuta ishirini na sita za ofisi ile, na ukithubutu kumwambia kuna jambo hajui, jiandae kusikia ya kwako. Mumewe, fundi seremala, husema mke wake angepata nafasi angeitia nywila hata birika la chai. Bi Waya hucheka tu. Anajiamini bwana, na sababu anazo.

Asubuhi moja alifika kabla ya wote, akafungua barua pepe na kukuta onyo lililotumwa kwa mafundi. Kasoro ilikuwa imegunduliwa kwenye programu ya skrini, ile inayochora madirisha, maandishi na mshale wa kipanya. Mtu yeyote aliyekaa mbele ya mashine anaweza kuipa ombi la kuchora lenye vipimo vya uongo. Programu haipimi, inaandika tu, inavuka mpaka wake, na aliyetuma ombi anajikuta ameshika mamlaka ya programu yenyewe. Ikiwa imewekwa kama mtumiaji wa kawaida, madhara ni madogo. Lakini ikiwa imepewa mamlaka yote ya mashine, jamani, mgeni ndiye anakuwa mwenye nyumba.

"Hapa kwetu haina mamlaka hayo," Bi Waya alijisemea. "Thubutu! Mimi nipo."

Hata hivyo alishuka ukumbini kuhakikisha. Huko kuna mashine nne ambazo wananchi huzitumia wenyewe kukagua kumbukumbu zao za kuzaliwa. Akaingia kwenye moja kama mgeni, yaani mtumiaji asiye na nywila, akatuma ombi la majaribio. Kufumba na kufumbua, mgeni akawa bwana mkubwa. Mbele yake zikafunguka kumbukumbu za mji mzima, majina, wazazi, tarehe, na kila moja ingeweza kubadilishwa na mpita njia.

Aliogopa, tena sana. Alichomoa nyaya za mtandao za mashine zote nne, akapanda ngazi mbilimbili hadi kwa Msajili.

Msajili ni mpole mpaka uguse kumbukumbu zake. Alisikiliza, akavua miwani. "Nani aliipa skrini mamlaka yote?"

Kabla Bi Waya hajajibu, macho ya bosi yalikwisha kuhamia mlangoni, aliposimama fundi wa pili na kikombe chake cha chai. Watu humwita Taratibu. Ni mtu mzima, rika la Bi Waya, aliyekuwa akitengeneza televisheni kabla ya kuajiriwa hapo kwa mkataba miaka mitatu iliyopita. Zile mashine nne aliziweka yeye, mwezi uliopita tu.

"Huenda ni mimi, bosi," Taratibu akasema. "Nilinakili mipangilio kutoka kwenye mashine ya zamani. Sikuikagua."

"Basi mkataba wako unaisha Ijumaa, na utaishia hapohapo."

Mtu anamwaga unga hivihivi, mchana kweupe!

"Bosi, nipe dakika kumi," Bi Waya akasema. "Usiandike chochote."

Akaenda stoo. Ofisi ile ina sheria moja, na sheria yenyewe ni ya Bi Waya. Ukifungua mashine, acha karatasi ndani ya mfuniko: tarehe, ulichofanya, na sahihi yako. Asiyeandika huchambwa mpaka ajute. Bi Waya akachukua bisibisi, akaifungua ile mashine ya zamani. Karatasi ilikuwepo, imejaa vumbi. Mstari wa nne ulisema: "Skrini imegoma kuwaka. Nimeipa mamlaka yote, kwa muda tu. Nitayaondoa Jumatano." Tarehe ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Na mwandiko ule ulioinama kama mtu anayekimbilia basi, nani pale ofisini asiyeujua? Ulikuwa wake.

Akakumbuka. Jumatatu ile watu walijaa hadi mlangoni, skrini nyeusi tii, kelele juu ya kelele. Akapata dawa kwa dakika tano, ofisi ikampigia makofi. Jumatano ikaja na mambo yake, ikapita.

Karatasi ilikuwa ndogo, ingefichika kwenye kiganja. Stoo hakukuwa na mtu. Nisiwadanganye, alifikiria. Alifikiria mpaka akajionea haya. Kisha akaikung'uta vumbi, akapanda nayo juu na kuiweka mezani kwa Msajili.

"Ni mimi. Miaka tisa sasa. Huyu bwana amenakili kosa langu, kisha akalibeba kama lake. Kama kuna mtu wa kufukuzwa, ndiye huyu unayemtazama. Ila nitengeneze kwanza, maana hakuna atakayeziba haraka kunishinda."

Hata anapokiri, mwanamke huyu anajisifu! Msajili alitaka kufoka, akashindwa. Akaamuru ofisi ifungwe hadi saa nane mchana.

Bi Waya aliweka viraka vya programu vya kuziba ile kasoro na kuiondolea skrini mamlaka, mashine baada ya mashine. Taratibu alimfuata nyuma, akiingia kama mgeni na kutuma ombi lilelile. Kumi za kwanza zilikataa. Ya kumi na moja ikakubali.

"Dada, hii hujaiwasha upya."

Siku nyingine angemkata kauli. "Asante," akasema, na wafanyakazi wote wakageuka kutazama.

Kabla ya saa nane kazi ilikwisha. Msajili akashuka na uamuzi wake: Bi Waya atapewa barua ya onyo, na mkataba wa Taratibu utaendelea. Bi Waya akaitikia kwa kichwa. Kisha, bila kuombwa, akavuta kiti mbele ya mashine kuu.

"Kaa," akamwambia Taratibu. "Weka nywila kuu mpya. Uijue wewe, mimi nisiijue. Nikihitaji mamlaka yote nitakuja kukuomba, na wewe uniulize ni ya nini na mpaka lini."

"Dada, mimi?"

"Wewe. Haraka, watu wanasubiri nje."

Taratibu akaketi. Bi Waya akageukia ukuta, mikono nyuma, akasikiliza vidole vya mtu mwingine vikibonyeza herufi moja, na nyingine, na nyingine. Hakugeuka.