Lori Zima Lililokaa Siku Nne

Papa Urbain ni fundi wa motere, yaani injini za magari, na ni jirani yangu. Kati ya parseli yake, kiwanja anachokaa, na yangu kuna ua wa matete tu, kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota sokoni. Mkewe, Mama Thérèse, alipofariki, tulijaa pale kwa kilio. Tulipika, tukaimba, tukalala kwenye mikeka. Kisha tukakunja mikeka yetu tukaenda zetu, na mimi nikiwemo. Mtoto wake mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Kigoma, na simu zao zinakuja Noeli. Kwa miaka miwili nilimsikia jioni akiosha sahani moja, nikaona hayo ni mambo yake.

Mwaka jana, mwezi wa tano, shofere anayeitwa Évariste alimletea lori la zamani lililojaa chumvi na sabuni za kupeleka Manono. Motere ikiwa baridi, mshale wa presha ya mafuta ulisimama vizuri. Ikipata moto, ulilala mpaka sifuri. Motere isiyopata mafuta inajitafuna yenyewe, na ikifa katikati ya barabara ile, utakaa na mzigo wako mpaka uchoke. Évariste alikuwa na haraka nyingine kubwa zaidi. Mkewe Falone alikuwa Manono na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Alimwambia Papa Urbain jambo hilo kabla hata ya kufungua boneti.

Papa Urbain alianza kazi kwa mwendo wake, bila haraka. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akaona yanatosha, akasugua tone kati ya vidole na kulinusa kama limeingiliwa na mazutu, ile dizeli. Halikuingiliwa. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye ubavu wa motere na mpini sikioni, akafumba macho. Hakusikia chuma kikigonga. Mwishowe alifungua sonde, kile kidude kidogo kinachopeleka habari kwa mshale wa mbele ya shofere, na kwenye tundu lake akafunga manometa yake mwenyewe ya kupimia presha, ya shaba, aliyopewa na wenzake siku alipostaafu karakana ya reli. Akawasha, akaacha motere ichemke. Mshale wa manometa ulishuka kidogo, kama inavyopasa, ukasimama hapo hapo.

Motere ilikuwa nzima. Iliyokufa ni sonde, kitu kisichozidi kidole gumba.

Évariste alikuwa ameenda kununua muda wa simu. Aliporudi, manometa ilikuwa imeshavingirishwa katika kitambaa chake. Papa Urbain akamwambia kwamba motere inatia shaka, na kwamba kesho lazima wateremshe karteri, lile beseni la mafuta lililo chini, waangalie pampu.

Kwetu gari likilala kwa fundi, shofere naye anakula na kulala kwa fundi. Haliulizwi. Jioni ile nilisikia sahani mbili.

Siku ya pili waliteremsha karteri, wakaosha chujio lililokuwa safi. Siku ya tatu fundi akasema gundi ya karteri haijakauka. Évariste ni mtu wa maneno mengi. Alisimulia matope ya Nyunzu, aliimba akiosha vyombo, alisifu bukari, ugali wa mzee, na ndakala, dagaa zake zilizoungua. Nikamsikia Papa Urbain akicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu yule ana kicheko, na mimi, mjinga, nikafurahi upande wangu wa ua.

Siku ya nne asubuhi simu ililia kutoka Manono. Falone ameshikwa na uchungu. Évariste akaanza kufunga begi lake. Aliona afadhali atafute pikipiki, lori na mzigo vibaki. Papa Urbain alisimama mbele yake na kile kitambaa mkononi.

“Motere yako iko muzima,” alisema. “Nilijua tangu siku ya kwanza.”

Évariste alimtazama. Hakupaza sauti, na kwa kweli ningependa angeipaza.

“Kama ungeniomba nikae siku moja, Papa, ningekaa.”

Sonde mpya haikupatikana mjini. Papa Urbain akaifunga manometa yake ndani ya lori, na bomba lake la shaba, iwe ya Évariste moja kwa moja. Saa nne lori likaondoka. Falone alijifungua msichana salama, lakini baba yake hakuwepo. Angeondoka siku ile ya kwanza, angekuwepo.

Mchana ule mzee alikuja kwenye ua akanieleza yote, mimi sijamuuliza. Nilikuwa tayari kumkemea, nikamwuliza alikuwa na akili gani, mtu mzima.

“Nilichoka kula peke yangu, Mama Éliane,” alinijibu.

Hasira yangu ikaniishia. Kwa miaka miwili nilikuwa nimehesabu sahani zake kwa masikio, na sikuwahi kuzunguka ua. Nikamkaribisha kwangu. Alikuja Jumapili mbili, akala kidogo, akashukuru sana kama mgeni, kisha akaacha kuja.

Lori lile bado linapita barabara yetu, kila baada ya miezi miwili hivi. Évariste anapiga honi mara moja, hasimami. Papa Urbain anaweka spana chini na kusikiliza, mpaka mlio unapotea kule darajani.

“Presha iko muzuri,” anasema, na hakuna mtu aliyesimama karibu naye.