Hai Kwenye Makadirio

Kazi yangu ni kukadiria vifo. Tunachukua taarifa za waliokufa, kwa umri na jinsi, tunazitia kwenye modeli ya takwimu, nayo inatuambia Watanzania watakufa kwa kasi gani miaka ijayo. Mama, kule Ushetu, huwaambia majirani kwamba niko benki.

Mdogo wangu alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la dhahabu upande wa Runzewe. Wenzake walichimba kumtafuta mpaka ukuta wa pili nao ukaanza kutitia, wakaacha. Maiti haikutoka. Na nyumbani kwetu asiye na kaburi hana matanga, na matanga yasipoanuliwa mkewe si mjane. Mama akakata shauri: mwanawe amesafiri.

Wifi yangu alikuwa bado kijana, hana mtoto. Aliomba kitu kimoja tu, wazike hata nguo za marehemu, matanga yaanuliwe, arudi kwao akaanze maisha. Mama alimjibu kwa kumtuma kisimani.

Wakusanya takwimu walipopita kuuliza kama kuna mwanakaya aliyefariki, Mama aliwajibu kavu, "Hakuna. Kijana yuko machimboni." Nadhani wapo kina mama wengi waliojibu hivyo, maana nilipochora mstari wa vifo vya vijana wa ukanda ule, ulishuka vizuri mno. Nilimweleza mkuu wangu sababu. Akasema modeli haili uvumi, tukaipeleka mbele jinsi ilivyo.

Likizo ile nilikwenda nyumbani na hasira zangu. Nikamwambia Mama, kwa kumkejeli, kwamba kwa majibu yake wachimbaji sasa wataishi miaka mingi kuliko wakulima wa tumbaku. Nilitaka aone haya. Badala yake uso ulimchangamka.

"Wabeja, mwanangu," akashukuru, kisha akamwita wifi aliyekuwa jikoni. "Umesikia? Serikali imepiga hesabu. Mumeo ana maisha marefu."

"Mama, hiyo hesabu imetoka mdomoni mwako."

"Na mdomo wangu ni mwongo?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama yangu mchana ule. Lakini nani katika nyumba ile angemwita mwongo? Wifi alikuja na jagi na beseni, akapiga magoti kuninawisha, maana chakula kilikuwa tayari.

"Wifi," akauliza taratibu, "kwa hesabu hiyo atafika umri gani?"

"Atazeeka. Ataota mvi."

"Na mimi?"

Mama alikuwa ananitazama. Katika kila modeli niliyowahi kuendesha, wanawake huwazidi wanaume miaka ya kuishi.

"Wewe utamzidi," nikasema. "Miaka michache."

Alininyooshea taulo.

"Kumbe nitaachiwa nikiwa kikongwe," akasema, akaenda kuleta ugali.